Kutoka Kitini Hadi Kiwikoni

Kwako Mejumaa, mwanangu,

Salamu zangu utazipata kesho asubuhi kwa mdomo, mlangoni, mbele ya mama yako, kama inavyostahili. Hapa nataka kuandika yale ambayo mbele ya mama yako yatanishinda kutamka. Sasa hivi wewe uko Mkwiro kumuaga bibi yako, na ninamjua bibi yako, hakuachii mpaka akulishe mara mbili, kwa hiyo nina saa kadhaa kabla boti haijakurudisha Shimoni upate gari la kuja huku Msambweni. Nimefunga kibanda nusu mlango ili wateja wasinisumbue. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka usinicheke, mimi nimezoea chaki na kitambaa.

Mambo ya safari siyasemi. Pasi uiweke wapi, maji uyachemshe vipi, usipande pikipiki ya mtu usiyemjua, yote hayo mama yako ameyasema tangu mwezi uliopita na atayasema tena kesho mpaka basi la Tanga liondoke. Mimi nina neno moja tu, nalo linahusu vile vitu vyako vya kazi, ile stendi ya kuinulia laptopu na kibodi na mausi na hedifoni, pamoja na ule mfuko niliokushonea wa kuvitilia. Neno lenyewe nilipaswa kulisema jana, nikashindwa.

Lakini nianze na mshangao, maana ndio ulionijaa zaidi.

Mimi kazi yako mpaka leo sijaielewa vizuri, nikiri tu. Najua unasikiliza watu wakizungumza, watu wa mbali ambao huenda hutawaona maishani mwako, kisha unayaandika maneno yao ili wengine wayasome. Najua waliokuajiri wako ng'ambo na hawajali uko wapi, mradi kazi ifike. Basi watu wa hapa wakiniuliza, "Mejumaa anafanya kazi wapi siku hizi?" nilikuwa naona haya kusema "chumbani kwake". Nilikuwa nasema "Ukunda", Mungu anisamehe. Niliona kazi ambayo mtu haondoki nyumbani kwenda kuifanya haijawa kazi. Na uliposema sasa unataka kuifanya ukizunguka, mwezi Tanga, mwezi Unguja, kisha Lilongwe na kwengineko, nilimwambia mama yako kwamba mtoto huyu amepata wazimu wa kistaarabu.

Siku ile ya Diani ndiyo iliyonifumbua macho. Tulikwenda mimi na wewe kupeleka mapazia ya hoteli, yale ya kijani, ukanisaidia kubeba. Meneja hakuwapo, tukaambiwa tungoje kule nyuma wanakopumzikia wafanyakazi, penye benchi na kreti za soda. Mimi nikakaa na mapazia mapajani nikaanza kununa kama kawaida yangu. Wewe ukatazama simu ukasema, "Baba, zamu yangu imefika. Naomba ruhusa." Nilidhani unataka kuondoka. Nikakwambia nenda.

Kumbe hukuwa na pa kwenda! Ukatoa kile kivyuma chembamba, kilichokunjwa hakizidi rula yangu ya mbao, ukakikunjua kikaota miguu. Laptopu ikapanda juu yake mpaka ikawa mbele ya macho yako. Ukatoa kibodi, ukaiweka juu ya kreti mbili. Ukakunja shali yako ukaikalia. Ukajaribu, ukaondoa kreti moja, ukajaribu tena, ukairudisha. Mausi hapa, hedifoni masikioni, basi, ukatulia. Pale pale baina ya kreti za soda na kamba ya kuanikia mashuka, binti yangu alikuwa amefungua ofisi, na watu wa mbali walikuwa wakizungumza masikioni mwake.

Nilisimama bila kujua nimesimama. Mama mmoja wa kufua akaniuliza, "Yule ni mwanao?"

"Ni wangu."

"Mashaallah. Hebu mwangalie alivyokaa!"

Nikakuangalia. Mgongo umenyooka, mabega yameshuka, viwiko vimetulia mbavuni, shingo haikupinda popote. Ni vidole tu vilivyokuwa vikikimbia. Mejumaa, nina miaka sitini na kitu, nimeona watu wengi wakifanya kazi, na nilikuwa sijapata kumuona hata mmoja akiifanya bila ya kujitesa. Mimi nilidhani kazi na mateso ni kitu kimoja. Nilisikia mwili wangu unanisisimka pale nyuma ya hoteli, nikamshukuru Mungu kimoyomoyo, na kisha nikapata haya, kwa sababu nilikumbuka jinsi nilivyokufanyia dukani.

Lile duka la Ukunda, unalikumbuka. Ulikuwa umeniomba nikusindikize, nikadhani tutaingia, tutachagua, tutatoka. Ala! Wewe ukaomba kiti. Ukamwambia muuzaji hununui stendi kabla hujakaa ukaijaribu. Ile ya kwanza, nyeusi, nzuri, inayong'aa, ukaikataa kwa sababu ukigonga herufi inatikisika. Ya pili ukaikataa kwa uzito, ukaishika mkono huu na chupa ya maji mkono huu kuzilinganisha. Kibodi ukazifunika kwa kitambaa ukazigusa macho yamefumbwa, ukisema macho yanadanganya na vidole ndivyo vitakavyoitumia. Mausi ukazishika moja moja kama mtu anayechagua maembe. Yule muuzaji, mtu wa bara, akacheka akaniambia, "Mzae, huyu msichana wako ni moto! Anapima kila kitu." Na mimi nikakuvuta shali nikakunong'oneza, "Mwanangu, chukua moja twende. Watu wanatutazama. Umemsumbua mtu wa watu na bidhaa zake."

Ukanijibu kwa adabu, "Baba, wewe mtu akija kununua kanzu humruhusu kuivaa kwanza?"

Sikukubali. Nilikasirika njia nzima. Sisi hapa tumelelewa hivyo, ukimtolesha mtu bidhaa zake mara tatu unaona umekwisha kuwa mdeni wake wa heshima, unanunua hata kisichokufaa ili tu usiudhi. Nguo ngapi zimetoka katika kibanda changu zikiwa zinambana mtu kwapani, naye ananiambia "maridadi, fundi", na anakwenda nazo? Nimeziona. Nikajifanya sikuziona, kwa sababu yeye naye alijifanya haibani.

Basi jioni ile tuliyotoka Diani ukaja hapa kibandani, ukaichukua tepu yangu shingoni mwangu, ukasema, "Baba, kaa kwenye cherehani nikupime." Nilicheka. Tangu nianze kazi hii hakuna aliyewahi kunipima. Harusi yangu mwenyewe nilijikatia kanzu kwa kukisia. Ukapiga magoti, ukaanza kutoka kwenye kiti hadi kwenye kiwiko changu, kisha kutoka kwenye kiti hadi kwenye meza ya cherehani. Ukazitazama namba mbili zile, ukanitazama mimi. "Baba, meza iko juu ya kiwiko chako kwa upana wa kiganja. Ndiyo maana huwa unainua mabega."

Subhanallah. Nimepima vifua, mabega, mikono, viuno, shingo za watu wa hapa mpaka Lunga Lunga. Mtu akipita barabarani namjua mkono wake una urefu gani kabla hajanisalimu. Na kipimo hicho kimoja, cha kutoka kitini hadi kiwikoni, sikuwahi kukichukua maishani mwangu, cha mtu wala changu, kwa sababu hakuna nguo inayokihitaji. Usiku wake nilikuwa najipapasa kiwiko nikistaajabia jinsi Mungu alivyokiweka mahali pake hasa, na mimi nikakaa miaka yote nikikipandisha kwa nguvu.

Ukaniuliza, "Kiti hiki kilikuwa cha nani?" Nikakwambia cha Mjomba, nikabadilisha mazungumzo. Sasa nikuelezee.

Nisamehe, mteja ameingia. Narudi.

Haya. Mjomba Bakari, ndugu wa mama yangu, ndiye aliyenifundisha kushona. Unajua kwetu sisi Wadigo mjomba ana neno kubwa kuliko baba, akikuita unakwenda, akikukalisha unakaa. Alikuwa mtu mrefu, hasa wa kiwiliwili, akikaa alikuwa anazidi watu waliosimama. Kiti hiki alikichonga mwenyewe kwa mwili wake, na kwake yeye kilikuwa kimekaa barabara. Mimi unaniona nilivyo, mfupi, nimetoka upande wa baba. Aliponikalisha nikashone mbele yake, mikono yangu ilibidi ipande ndipo iifikie sindano. Mwaka wa kwanza niliumwa na mabega mpaka nikawa silali. Siku moja nikachukua mto mdogo nyumbani, nikautia chini yangu, nikashona. Wallahi nilishona vizuri siku ile kuliko siku zote! Mjomba akaingia, akasimama, akautazama ule mto. Wateja walikuwapo. Akasema, "Eti fundi Hamisi, umejifungua lini, hata ukalie mto kama mzazi? Hatukupata habari."

Kibanda kizima kikacheka. Mimi nikacheka nao. Nikautoa mto nikauweka pembeni, na sikuurudisha tena mpaka leo. Mjomba hakuwa mtu mbaya, nisije nikamsingizia marehemu. Alinipenda, alinifundisha kila alichokijua, na alipokuwa mgonjwa alinikabidhi cherehani hii na kiti hiki mbele ya jamaa wote. Lakini hakujua kwamba kiti kinachomfaa yeye hakinifai mimi, na mimi sikumwambia. Alipokufa ndipo ikawa vigumu zaidi. Ningeirefusha miguu yake, watu wangesema Hamisi amechokoza kiti cha mjomba wake kabla udongo haujakauka. Udongo umekauka siku nyingi, Mejumaa, na kiti mpaka leo kiko vile vile.

Nilichokuwa nikijiambia ni hiki: "Nimalizie mshono huu tu." Mabega yanawaka, nimalizie mshono huu tu. Shingo haigeuki, nimalizie kola hii tu, sikukuu ipite, shule zifunguliwe, harusi hizi ziishe. Ndiyo maana nakwambia, huko uendako utakuta nyumba za wageni hazina meza, utakuta kitanda tu, na utajiambia leo nitalala kifudifudi niandike hivi hivi, stendi nitaitoa kesho. Nimekuwa nikikusikia ukijiambia maneno hayo mwezi huu, ukidhani nimelala. Sikukatazi, maana mimi si mtu wa kumkataza mwenzake hilo. Nakwambia tu kwamba hiyo kesho mimi nimeingoja ujana wangu wote.

Kuna jambo la aibu nitakuandikia, mama yako analijua nusu. Ilikuwa harusi ya watu wa Gazi, bwana harusi kijana mpole, ameniletea kitambaa cheupe kizuri cha kutoka Oman alicholetewa na kaka yake. Alitaka kanzu ya darizi shingoni, kazi ya mkono. Siku ile ya mwisho nilikuwa natia darizi, vidole vyangu viwili vya mkono wa kulia vikafa ganzi, vikawa si vyangu. Sindano ikanichoma na sikuisikia. Nikaendelea kushona. Nilipokuja kutazama, damu ilikuwa imeenea shingoni mwa kanzu ya harusi. Nikaifua, ikabaki doa la rangi ya chai. Kijana alipokuja nikamwambia cherehani imemwaga mafuta. Akaliangalia doa, akaniangalia mimi, akasema, "Haidhuru, fundi, ni majaaliwa." Akaoa katika kanzu ile, ameweka shali juu kuficha. Kila nikimuona mpaka leo navuka barabara.

Na wewe ulikuwapo. Ulikuwa mdogo, umekaa chini hapo unachezea vipande vya kitambaa. Ukaniuliza, "Baba, kwa nini mkono wako unatetemeka?" Nikakupigia kelele. Nikasema mtoto mwenye adabu haulizi mambo ya mwili wa baba yake. Ukanywea. Tangu siku ile hukuniuliza tena, na nilijipongeza kwamba nimekufundisha heshima. Hujui jinsi sauti yako ile inavyonirudia siku hizi.

Sasa nije kwenye mfuko.

Uliponiambia unatafuta begi la kutilia vifaa vyako nikasema hapana, begi atashona baba yako. Nilifurahi kama siku uliyozaliwa. Nilichukua vipimo vya kila kitu chako ukiwa umelala mchana: laptopu, stendi ikiwa imekunjwa, kibodi, mausi, chaja, waya. Nikanunua turubai, ile nzito ya viti vya boti, ili mvua isikupate. Nikatia bitana mara mbili. Nikatia mkanda mmoja wa kuvuka begani kama mifuko ya masharifu wa zamani, kwa sababu naupenda. Na mbele likatiwa jina lako kwa darizi. Kila kifaa kilikuwa na chumba chake na kilikaa sawasawa, si pungufu si ziada. Nilivipima vitu vyote hivyo, isipokuwa wewe utakayevibeba. Mimi, fundi.

Ukaupokea kwa mikono miwili. Ukasema, "Baba, ni maridadi." Ukanibusu mkono.

Jana baada ya alasiri nilikuwa nimesimama pale kwenye kona ya soko nikakuona ukija kwa mbali, umeuvaa umejaa, nafikiri ulikuwa ukiujaribu. Hukuniona. Ulikuwa umelalia upande mmoja. Ukasimama, ukahamisha mkanda, ukaenda hatua kidogo, ukasimama tena. Kisha ukafanya kitu ambacho kilinikata maini: ukaukung'uta mkono wa kulia, hivi, haraka haraka, mara tatu, ukafumba na kufumbua vidole. Mejumaa, mimi naujua ukung'utaji ule. Ni wangu. Hakuna mtu duniani anayeujua zaidi yangu.

Kisha ukaniona. Na uliponiona ukanyooka. Ukatabasamu, ukanyanyua bega lililoshuka, ukanijia unatembea kama huna kitu. "Shikamoo, baba." Nami nikaitikia marahaba, nikakuuliza mfuko unaendeleaje, ukasema vizuri sana. Tukarudi nyumbani pamoja, tukizungumza habari za basi. Nilitaka kusema neno lile nikashindwa.

Leo asubuhi ulipoondoka kwenda kwa bibi, mama yako alikuja na chai hapa. Hakuketi. Akasema, "Baba Mejumaa, mwanao ameitoa stendi yake na kibodi. Ameviweka juu ya kabati. Anasema atakwenda na laptopu peke yake."

"Kwa nini?"

"Mfuko mzito."

"Basi si auache mfuko! Madukani mabegi yamejaa, kuna mepesi kama karatasi."

Mama yako akanitazama jinsi anavyonitazama nikiwa mjinga. "Atauachaje mfuko wa baba yake?"

Nikaiweka chini chai. Lahaula. Vile vitu ulivyovichagua kwa subira ile yote, ulivyovigusa macho yamefumbwa, vile ambavyo siku ile Diani vilinifanya nisimame kwa mastaajabu, ndivyo ulivyoamua kuviacha, ili uweze kuubeba upendo wangu wa turubai. Ulikuwa tayari kwenda kuinama mwaka mzima katika nyumba za watu, upinde shingo, uharibu mkono ambao tayari umeanza kufa ganzi, ilimradi tu Hamisi fundi asisononeke. Mimi nilikalia kiti cha mjomba kwa heshima, na wewe umevaa mfuko wa baba kwa heshima. Sikukasirika. Nilikuwa ninaogopa jinsi jambo hili linavyojua njia ya kutoka kwa mtu kwenda kwa mwanawe bila mtu kulituma.

Nimeufumua. Nimeanza pale pale, chai ikapoa. Turubai lote nimelitoa, na bitana, na ule mkanda. Nimeushona upya kwa kile kitambaa chepesi cha mifuko ya shule kisichopitisha maji, mikanda miwili mipana ya kuvaa mgongoni, na sponji ndani yake. Nilihitaji kipimo cha mgongo wako, nawe huko. Nikamwita mama yako, maana mabega yenu ni mamoja. Akageuka akasimama na chombo cha chai mkononi, nikampima kutoka shingoni hadi kiunoni. Akasema, "Ebo! Miaka yote ya ndoa, leo ndio unanipima mgongo?" Akacheka mpaka akamwaga chai. Nami nikacheka.

Kisha akaacha kucheka. Alikuwa ananiangalia nikihangaika kutunga uzi. Mara ya kwanza haukuingia, ya pili, ya tano. Akaichukua sindano mkononi mwangu, akautunga uzi, akanirudishia. Akasema polepole, "Na wewe, baba Mejumaa, unamficha nani mkono wako? Sisi sote tunauona."

Basi nikwambie. Lile jina lako la darizi kwenye mfuko ule wa kwanza sikulitia mimi. Uliponisifu darizi nikasema ahsante. Ni mama yako aliyelitia, siku mbili, wewe ukiwa kazini chumbani. Darizi zote za miaka hii miwili zinazotoka kibandani kwangu ni mkono wake. Mimi siwezi tena. Kifungo cha shati langu asubuhi hunifunga yeye, ndiyo maana huwa natoka chumbani nimekwisha kuvaa. Na pale juu nilipokwambia mteja ameingia, hakuingia mtu. Niliiweka kalamu nikatoka nje nikaukung'uta mkono, kwa sababu vidole vilikuwa vimekwisha. Nimetoka hivyo mara nyingi tangu nianze barua hii. Hata kwenye barua ya kukuhimiza usifiche, nimeficha. Unaona mtu nilivyo.

Stendi na kibodi nimevirudisha mwenyewe kwenye mfuko, na mausi, na ile shali unayoikunja ukaikalia, na barua hii naitia humo humo uisome usiku. Nimeupima kwa mkono wa kushoto, ni mwepesi. Lakini mimi nimekwisha kukosea mara moja, naweza kukosea tena. Ukiuvaa kesho ukakuumiza popote, hata kidogo, utoe uuache, ununue wa dukani Tanga, wala usiniletee tabasamu. Na huko mbele, mtu akikupa kiti, meza, godoro, hata chumba cha bure, mwili wako ukikataa, mwambie. Atanuna kidogo. Mimi ni mtu wa kununa, najua kunakotoka, kunapita.

Mama yako amesema Jumatatu atanipeleka hospitali nikaonyeshe mkono. Nimekubali. Nimemwambia pia amuite seremala aje airefushe miguu ya kiti.

Sasa nasema kitu ambacho sijapata kukitamka kwa mjomba, kwa mteja, wala kwa mtu yeyote. Mejumaa, mkono wangu unaniuma. Unaniuma sana, mwanangu, tangu hujazaliwa. Nimeliandika na sikufa.

Kesho asubuhi ukija mlangoni kuniaga, usianze na shikamoo. Hiyo nitaidai baadaye, na nitaidai kwa ukali. Anza kwa kuniambia mkono wako unauma wapi.

Baba yako,
Hamisi